Nani Anasukuma?

Mimi nina hasira za karibu. Natangulia kusema hivyo ili mtu asije akanionea huruma mahali ambapo sistahili. Hasira hizo nimezirithi kwa baba yangu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi hapa Arusha, Jumapili akawa mzee wa kanisa, na siku zote saba hakupenda kubishiwa. Sisi ni Wachaga wa Kilutheri tuliohamia mjini. Wazazi wangu wanakaa Sekei. Mimi, binti yao, nafundisha fizikia sekondari moja upande wa Makumira, na nakaa hukohuko jirani na shule.

Kilichotugombanisha mimi na baba ni ulimwengu. Naomba msicheke.

Siku hiyo ilikuwa kipaimara cha mpwa wangu. Ibada ilikuwa imekwisha, wageni wamejaa sebuleni kwa baba, mchungaji kakaa kwenye kochi kubwa, wazee wa kanisa kulia na kushoto kwake, ndizi nyama zinapita. Nilikuwa nimeamka alfajiri kukaanga na kupika, miguu inawaka moto, ndiyo kwanza nimekaa na sahani yangu. Mgeni mmoja, kwa nia njema kabisa, akaniuliza siku hizi nafundisha nini. Nikamwambia kidato cha nne tuko kwenye mambo ya anga. Akataka kusikia. Haya, nikaanza.

Nikawaeleza kwamba ulimwengu unatanuka. Yale makundi makubwa ya nyota yanayoitwa galaksi yanaachana, kila moja linaenda mbali na jingine, na wataalamu walitegemea kwamba mwachano huo unapungua kasi kadiri siku zinavyokwenda, kwa sababu kila kitu huko juu kinavuta kingine. Ukirusha jiwe juu si linapunguza mwendo? Basi walipopima wakakuta jiwe linazidi kukimbia. Kasi haipungui, inaongezeka.

"Nani anasukuma?" baba akauliza.

Lilikuwa swali zuri kuliko maswali yote niliyowahi kuulizwa na mwanafunzi, na kama ningekuwa na akili siku ile ningemsifu. Nikamjibu, "Hatujui, baba. Kuna kitu kimejaa kila mahali kinachofanya hivyo. Kimepewa jina tu, nishati ya giza. Ni kitu gani hasa, hakuna anayejua."

Baba akaweka kijiko chini, akawageukia wageni. "Mnamsikia mwalimu? Nimesomesha mpaka chuo kikuu nije kuletewa jibu la hatujui! Mimi dukani mteja akiniuliza hii nati ya nini, nikamwambia sijui ila nimeipa jina, si ataniona mwendawazimu?"

Watu wakaangua kicheko. Mchungaji naye alicheka, nakumbuka, mpaka mabega yakatikisika.

Ulikuwa utani. Baba alinitania hivyo tangu sijaanza shule, na mimi nilizoea kumrudishia. Lakini siku ile kuna kitu kilinipanda kichwani, sijui uchovu, sijui nini. Nikasema kwa sauti yangu ya darasani, "Afadhali sisi tunaokiri hatujui. Wewe baba miaka yote unasimama mbele za watu kujifanya unajua, na hujui kitu."

Mchungaji akaangalia sahani yake. Mama alikuwa amesimama mlangoni na jagi la juisi, akabaki nalo hivyohivyo. Baba hakupandisha sauti hata kidogo. Alisema, "Leo umenivua nguo mbele ya wageni wangu. Kuanzia leo salamu yako siipokei, mpaka utakapojua ulichokisema."

Na hakuipokea. Nilikuwa nakwenda Sekei Jumamosi, nabisha hodi, naingia, nasema, "Shikamoo baba." Kimya. Anaangalia televisheni. Nyama niliyoleta anakula, tena anasifu imeiva vizuri. Anaweza hata kumuuliza mama, mimi nikiwa palepale, "Huyu ameshakunywa chai?" Lakini marahaba hakuna. Kama hujawahi kunyimwa marahaba na mzazi wako siwezi kukueleza. Unajikuta mtu mzima umesimama katikati ya sebule hujui mikono uiweke wapi.

Mama akanibembeleza. "Piga magoti mara moja yaishe. Utapungukiwa nini?" Nikamjibu kwamba sina kosa, ameanza yeye. Jamani, kiburi! Nina watoto wakubwa, napewa shikamoo na nusu ya Makumira, na bado nasema ameanza yeye. Ukaisha mwaka. Ukaingia wa pili.

Ndipo baba akaanza kusahau.

Mwanzoni yalikuwa mambo ya kuchekesha. Aliweka funguo kwenye debe la unga. Alimuuliza mama habari za rafiki yake ambaye tulishamzika. Kisha akapotea njia akitoka kanisani, akaletwa nyumbani na mwenye bodaboda. Tulimpeleka hospitali, daktari akatuita pembeni akasema ni ugonjwa wa ubongo, dawa hazitamrudisha alikotoka, ila zinaweza kupunguza kasi. Nikalishika neno hilo, kupunguza kasi, nikaondoka nalo.

Mtu wa fizikia ukimpa neno kasi anatafuta kalamu. Nikanunua daftari la hesabu, lile la miraba. Nikamwomba mama awe ananipigia kila jioni kunisomea baba amesahau nini siku hiyo, na mimi naandika. Mwisho wa juma nahesabu, naweka nukta. Nilitegemea mstari uanze kupanda, halafu dawa zikikolea ulale kidogokidogo. Nilikuwa nimeshauchora kabisa kwa penseli, jinsi utakavyolala. Nilijiambia ukishalala nitakuwa na muda wa kutosha, nitachagua siku, nitamwomba msamaha kwa heshima na taratibu.

Wale wapimaji wa nyota nao walifanya hivyohivyo. Kuna aina ya nyota ambayo ikilipuka inajulikana mwanga wake ni mkali kiasi gani, kwa hiyo ukiona umefifia kiasi fulani unajua iko umbali gani. Walikwenda kupima breki. Walitaka tu kujua ulimwengu unapunguza mwendo kwa kiasi gani. Wakakuta nyota zimefifia kuliko walivyotegemea, ziko mbali zaidi ya pale zilipotakiwa kuwa. Kitu cha kwanza wakajitilia shaka wenyewe. Labda kuna vumbi njiani linaziba mwanga, labda hesabu zina kasoro. Wakarudia na kurudia.

Na mimi nikarudia. Labda mama anahesabu jambo moja mara mbili. Labda ni malaria. Nilisingizia hata baridi ya Julai, maana mwezi ule Meru ilikuwa haionekani, wingu limekaa mpaka kwenye mabati, na mzee yeyote angechanganyikiwa. Lakini nukta zangu ziliipita ile penseli kwa juu. Zilipanda wiki hii kuliko wiki iliyopita, na wiki iliyofuata kuliko zote. Niliogopa. Nilikaa na daftari mezani kwangu, peke yangu, nikasema kwa sauti, "Anazidi kukimbia."

Jumamosi moja mwezi wa nane nilimkuta barazani, kavaa sweta mbili, blanketi magotini. Nikasema kwa mazoea, bila tumaini lolote, "Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Karibu."

Wee! Nusura niangushe mfuko. Nilipita mbio mpaka jikoni, machozi yananitoka, nikamshika mama mabega kwa nyuma. "Ameitikia! Mama, baba ameitikia!" Mama alikuwa anamenya ndizi. Hakugeuka.

"Jana aliniamkia mimi," akasema. "Mimi mke wake. Aliniambia shikamoo."

Nikawa bado sijaelewa, au sitaki kuelewa. Sauti ya baba ikaja kutoka barazani, ya upole kabisa, ya mtu mkarimu. "Mama! Huyo mgeni amepewa chai?"

Niliingia stoo nikafunga mlango, nikalia mpaka kichwa kikauma. Niliingoja marahaba ile karibu miaka miwili, na ilikuja siku aliponisahau. Haikuwa yangu. Angempa yeyote aliyeingia getini.

Nilipotoka mama akanipa maji. Akasema, "Bado ana saa zake. Asubuhi akishakunywa chai, kabla jua halijaingia barazani, kuna siku anakuwa yeye kabisa. Anakutaja. Njoo saa hizo." Halafu akasema, "Na uje na sale."

Sale ni ule mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani Uchagani na hata huku Umeruni. Ukimkosea mtu unamletea jani lake, unampa kwa mikono miwili, na yeye hana ruhusa ya kukataa. Akikataa, balaa linakuwa lake. Mimi nilibatizwa, nikasoma, nikafundisha watu sayansi, nikamwambia mama kwamba sitapeleka majani, nitapeleka maneno.

"Maneno ndiyo yanayomtoka," mama akasema. "Ya zamani bado yamo. Lete sale."

Nikarudi Makumira.

Alhamisi iliyofuata nilikuwa darasani na mpira. Huwa nachukua ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, ule wa kufungia mizigo, naupiga alama za chaki, wanafunzi wawili wanauvuta huku na huku. Alama zilizo jirani zinaachana polepole, zilizo mbali zinaachana haraka, na hakuna alama iliyotembea, ni mpira wenyewe uliotanuka. Nikawaambia wasiogope, Sekei haitaachana na Makumira, vitu vya karibu vimeshikwa na uvutano. Nikaendelea na sehemu ambayo naifundisha kila mwaka bila tabu. Kwa sababu kasi inaongezeka, ziko galaksi tunazoziona leo ambazo mwanga wake wa leo hautatufikia kamwe. Bado tunaziona, kwa mwanga zilioutuma zamani. Na sisi tukitaka kuzipelekea habari sasa hivi, tumechelewa. Njia inarefuka haraka kuliko mwanga unavyoweza kukimbia.

Nilifika hapo sauti ikakatika. Darasa lote linanitazama, wale wawili bado wameuvuta mpira. Nikawaambia waandike muhtasari. Nikatoka nje nikampigia mama, nikamwambia Jumamosi nakuja, na sale nitaleta.

Jumamosi sikungoja. Mama alinipigia mapema, ndiyo kwanza nachemsha maji. Alikuwa ananong'ona. "Leo yuko vizuri. Amekuuliza kwa jina. Amesema, huyu binti mbona haji? Njoo sasa hivi."

Kwa jina! Sikumbuki kama nilizima jiko. Nilichukua bodaboda ya kunifikisha mjini moja kwa moja, nikamwambia dereva akimbie na asinisemeshe. Jumamosi ni siku ya soko Tengeru. Nilisahau kabisa. Malori ya ndizi, mikokoteni, watu na mbuzi wao wameingia barabarani, tumekwama pale tunavuta vumbi. Mama akapiga. "Bado yupo?" nikamuuliza. "Bado yupo. Anakunywa chai." Kando ya barabara palikuwa na wauza miche, na kwenye safu ya mbele niliona sale, imepandwa kwenye kiriba, imenawiri. Niliruka nikanunua, nikapanda tena huku nimeikumbatia. Nilijiona mjanja kweli.

Mama alinipokea getini, akaangalia nilichobeba, akashika kiuno.

"Hiki nini?"

"Sale."

"Hili lenye mistari ya njano? Hili ua la hotelini! Unataka kumwomba baba yako msamaha kwa ua la mapokezi? Ndiyo hayo mliyosomea?"

Nikaliangalia. Kweli lilikuwa na mistari ya njano pembeni, jani zuri la kupamba. Hakuna mtu wa kijijini kwetu ambaye angekosea hivyo hata akiwa amefumba macho. Mimi niliyekulia mjini nikakosea. Ningeweza kucheka, lakini kwa mbali niliona jua limeshafika ngazi ya kwanza ya baraza, na baba kakaa pale, anatazama barabara.

"Bado yupo?"

"Kwa jirani," mama akasema. "Mpakani kwake yapo. Kimbia."

Jirani ni bibi wa Kimeru, mtu wa heshima zake, na kwa bibi huyo hukati jani ukaondoka. Nikatoa shikamoo. Akaitikia, akauliza habari za nyumbani, za watoto, za shule, za mvua huko Makumira. Nilijibu zote nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja. Nikasema naomba sale. Akanitazama. "La nini?" Nikamwambia nimemkosea baba. "Ni yale ya kipaimara?" akauliza. Yesu wangu, mpaka leo! Akaingia ndani taratibu kutafuta kisu. Akachagua jani, akaliacha, akachagua jingine. Akalikata, akalikunja fundo moja, akanipa kwa mikono miwili, akasema, "Umechelewa, lakini nenda."

Nilikimbia. Nilipofika barazani jua lilikuwa limeshapanda, limelala magotini kwa baba, juu ya blanketi. Mama alikuwa kasimama nyuma ya kiti chake. Aliniangalia, akatikisa kichwa kidogo tu, hapana.

Nikapiga magoti hata hivyo. Saruji ilikuwa ya baridi. "Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Unatoka wapi?"

Nikamnyooshea sale. Hakuniangalia tena mimi, aliangalia jani. Akavua kofia, akaiweka pembeni. Akakaa wima, mgongo ukanyooka kama zamani anapopanda kusoma matangazo kanisani. Akaanza kusema Kichaga, kile cha watu wazima ambacho mimi nakifuata kwa shida.

"Umemkosea nani?"

"Baba yangu."

"Ulimfanya nini?"

"Nilimwambia hajui kitu. Mbele ya wageni wake, mbele ya mchungaji. Alikuwa ananitania tu, na mimi nikamvunjia heshima. Na kisha nikakataa kuomba radhi kwa sababu nilijiona nina haki." Nilikuwa nalia sasa, sikujificha. "Najua nilichokisema, baba. Najua."

Akalipokea kwa mikono miwili. Alilishika barabara. "Nimepokea," akasema. "Limekwisha."

Nikadhani tumemaliza, nikadhani labda hata hivi inatosha, amelipokea, mkono ni wake na mdomo ni wake. Lakini baba alikuwa bado analigeuza jani, anapapasa lile fundo kwa kidole gumba.

"Mimi pia nina binti," akasema. "Mwalimu. Ana akili sana yule mtoto. Alitueleza habari za nyota, nikamcheka mbele za watu. Akakasirika. Si alikuwa na haki ya kukasirika? Kisha mimi nikamnyima salamu." Mdomo ukamcheza. "Mtoto wangu mwenyewe, anakuja mlangoni kwangu, ananiamkia, namnyamazia."

Mama akaziba uso kwa kanga.

"Baba, ni mimi," nikasema.

Akaniangalia kwa adabu, kama mtu anavyomwangalia mgeni aliyesema jambo la busara. "Ndiyo," akasema. "Ni wewe. Ndiyo maana nakutuma wewe." Akanirudishia sale, kwa mikono yote miwili, akiinama kidogo. "Sijawahi kusikia mzazi akimpelekea mtoto sale. Lakini mpelekee. Mwambie baba yake anaomba."

Sale halikataliwi. Nililipokea. Nikamwambia nitampelekea leoleo.

"Fanya haraka, mama," akasema. "Anakaa mbali siku hizi."